Mzee Sikio na Tumbo la Nne

Jina alilopewa na wazazi wake limeandikwa kwenye kitambulisho na kwenye karatasi za mshahara, na huko ndiko linakoishi. Zizini, nyumbani, hata kwa kinyozi, anaitwa Mzee Sikio. Ukimwita kwa lile jingine hageuki, na ukiendelea atakuuliza unamtafuta nani. Ana tabia moja inayowachekesha wakamuaji: akimaliza kumchoma ng'ombe sindano, humshukuru. Humpapasa paja, humwambia, "Asante, mama," kisha huhamia kwa mwenzake. Ukimcheka hajali. Anasema amefadhiliwa na wengi maishani mwake, na ng'ombe wamo.

Shamba lenyewe ni la ng'ombe wa maziwa hamsini na wawili. Lina zizi refu la mabati, sakafu ya saruji yenye mifereji, chumba cha maziwa chenye tangi linalonguruma kutwa, na stoo ya chakula ambayo paka wake ni wanene kuliko walinzi. Yeye alianza hapo akiwa na koleo na toroli. Alisukuma mavi miaka minne, na hakuna aliyemfikiria kwa kazi nyingine yoyote, yeye mwenyewe akiwa wa kwanza.

Siku hizo shamba lilikuwa na daktari wa mifugo mzee, mnene, ambaye kuinama tu kwake kulikuwa kibarua. Asubuhi moja alimwita yule mtu wa toroli kwenye ng'ombe aliyekuwa amezaa wiki iliyotangulia na kususa chakula. Akamwambia aweke sikio kwenye mbavu za kushoto. Kisha akapiga ubavu kwa kidole, kama mtu anavyopiga tikiti sokoni kuona limeiva. Ndani ya ng'ombe kikalia kitu. Ting. Sauti nyembamba, safi, ya mpira uliodundishwa kwenye chumba kitupu.

"Umesikia?" daktari akauliza.

"Nimesikia."

"Basi wewe utaniokolea mgongo wangu."

Akamfafanulia huku akihema. Ng'ombe ana matumbo manne. La kwanza ndilo kubwa kuliko yote, ndilo pipa la majani. La nne ndilo linalofanya kazi kama letu sisi, linatoa asidi na kumeng'enya, na makazi yake ni chini, upande wa kulia. Ng'ombe akizaa, ndama huacha nafasi tupu. Lile la nne likijaa hewa huelea, likapita chini ya lile kubwa, likapanda upande wa kushoto na kukwama kwenye mbavu. Hapo ng'ombe hali vizuri, maziwa yanakatika, na asipopasuliwa tumbo likarudishwa kwake, anakonda mpaka anakwisha. Ile ting ni hewa iliyofungiwa humo ndani.

Kuanzia siku ile toroli lilipata mtu mwingine. Yeye akawa anazunguka zizini kila asubuhi, akilaza shavu kwenye mbavu za kila aliyezaa karibuni, akipiga kidole na kusikiliza. Hakutaka kile kipimo cha kusikilizia wanachoning'iniza madaktari shingoni; alisema mpira wake unamletea kelele. Mashamba ya jirani yakaanza kumwazima. Daktari mzee alipostaafu, na baadaye akafariki, sikio lilibaki, na jina likabaki nalo. Akapandishwa cheo, akawa msimamizi wa zizi. Kwa miaka ishirini na tisa hakuna ng'ombe aliyepasuliwa pale bila yeye kusema neno kwanza, na mara zote neno lake lilikuwa kweli.

Kisha ndege wakahama. Angalau yeye ndivyo alivyoona. Mti ulio nyuma ya nyumba yake ulikuwa haukaliki asubuhi kwa makelele yao, na mwaka mmoja ukawa kimya. Alimwambia mkewe kwamba ndege wamekimbilia mahali pengine. Mkewe, fundi cherehani mwenye ulimi mkali kuliko sindano zake, aliweka mkasi chini.

"Ndege gani waliohama? Hawa wanaonikosesha usingizi ni kina nani?"

Akajitia hamnazo. Wiki mbili baadaye birika la mluzi likalia jikoni mpaka maji yakakauka, naye ameketi hatua tatu tu kutoka hapo, anasoma gazeti. Mkewe akaingia mbio, akazima jiko, akamuuliza kama ameamua kuwachoma moto wote. Akasema alikuwa anawaza.

"Unawaza nini cha kukuzibia masikio?"

Alikuwa amejua tayari. Maneno ya watu aliyapata vizuri tu, hasa mtu akiwa mbele yake, akimwona mdomo. Mngurumo wa tangi aliupata, mlio wa fahali aliupata. Zilizokuwa zimemtoka ni sauti nyembamba: ndege, mluzi, kengele ya simu. Na ting ni sauti nyembamba.

Unaweza kumlaumu kwa alichofanya baadaye, na mimi sitakuzuia. Hakusema. Aliendelea kulaza shavu kwenye mbavu kila asubuhi, akipiga kidole na kutikisa kichwa kwa busara, huku hasikii lolote zaidi ya joto la ngozi. Aliwasoma ng'ombe kwa macho, kwa mavi yao, kwa jinsi walivyosimama kwenye hori, na kwa kuwa aliwajua mno, alipatia mara nyingi kuliko alivyokosea. Alikuwa na sababu yake. Mwaka uliotangulia, mwenzao mmoja aliyeumia kiuno alihamishiwa getini kuandika namba za magari. Mtu yule alikuwa akija zizini saa ya chakula, anasimama kwenye ukingo, anawatazama ng'ombe, kisha anarudi kwenye kiti chake. Mzee Sikio hakutaka kile kiti. Angeachishwa kazi kabisa, pengine angevumilia. Kukaa getini akisikia harufu ya zizi bila ya kuingia ndiko kulikomtia baridi.

Ndipo ikaja siku ya Mwali.

Mwali alikuwa mtamba aliyezaa mara ya kwanza, mpole, mwenye kope ndefu. Siku ya nane baada ya kuzaa akaacha kula. Wakati huo shamba lilikuwa limepata daktari mwingine, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mfupi, mwepesi wa hatua, anayehudumia mashamba sita peke yake. Alimheshimu Mzee Sikio kupita kiasi. Alikuwa amesikia habari zake tangu chuoni. Alipofika kumwona Mwali, mvua ilikuwa inapiga mabati kiasi cha kuzima hata mngurumo wa tangi. Daktari akaweka kipimo chake masikioni, akajaribu, akakitoa.

"Hapa sisikii hata moyo wangu," akapaza sauti. "Wewe ulimsikiliza asubuhi kabla ya mvua?"

"Ndiyo."

"Ikalia?"

Palikuwa na njia nyingi za kujibu swali lile. Yeye alisema, "Imelia."

Hakukusudia mabaya. Ng'ombe alionekana kabisa kama wale wote aliowahi kuwasikia. Daktari alikuwa na ng'ombe mwingine anayezaa kwa shida shamba la tatu, hakuweza kungojea mvua ikatike, na neno la Mzee Sikio lilimtosha. Akampiga Mwali ganzi, akampasua ubavu wa kulia, upande ambako tumbo hurudishwa na kushonewa, akaingiza mkono. Akautoa. Akauingiza tena. Tumbo la nne lilikuwa chini, kulia, mahali pake, limetulia.

Mwali alikuwa amepungukiwa nguvu tu baada ya kuzaa, jambo la dawa ya siku tatu. Alipona, lakini kidonda kilioza na maziwa yake hayakupanda tena. Meneja alipouliza, Daktari alisimama katikati ya ofisi na koti lake linalotona maji, akasema, "Kosa ni langu. Lazima tumbo lilirudi lenyewe, na mimi nilipaswa kusubiri mvua ikatike nimsikilize upya. Kisu nilikishika mimi." Mzee Sikio alikuwa mlangoni, ameshika kofia yake. Maneno yale aliyapata yote, hata moja halikumpita. Akarudi zizini, akamkalia Mwali karibu mpaka jioni, akimfukuzia nzi kwenye mshono.

Miezi miwili baadaye Daktari alikuja na kisanduku.

Ndani yake mlikuwa na mirija midogo ya kioo yenye vifuniko vya rangi, sindano, na kifaa cha kutosha kiganjani, chenye kioo cha namba, cha kuchomekwa kijiti upande mmoja. "Kuanzia sasa," alisema, "hapasuliwi ng'ombe hapa kabla damu yake haijapimwa." Akamwonyesha. Tone moja kwenye kijiti, na kifaa kinasema kama ng'ombe ameanza kuyeyusha mafuta ya mwili wake kwa sababu chakula hakimfai tena. Hiyo peke yake haitoshi, maana wengi wanaozaa huyeyusha mafuta kidogo. Kwa hiyo mrija mmoja unakwenda maabara mjini, kuangaliwa chumvi. Tumbo la nne likikwama, ile asidi yake inabaki imefungiwa humo, na chumvi iliyotumika kuitengeneza hairudi kwenye damu. Mafuta yakipanda na chumvi ikishuka kwa pamoja, kuna kitu kimekwama.

Mzee Sikio alitazama kile kifaa kama mtu aliyeletewa maji akiwa amekata tamaa ya kisima. Alijifunza kwa pupa. Unainua mkia, unapapasa chini yake mpaka unapata bonde kati ya mfupa na mfupa, unaingiza sindano wima, unavuta. Wakamuaji walihangaika wiki nzima wakichoma mifupa. Yeye siku ya pili vidole vyake vilikuwa vinajua njia. Mkamuaji mkuu, mama mmoja mwenye sauti nzito ambaye zizi zima linamwita Shangazi, alimwambia kwamba ng'ombe sasa wanamwinulia mkia wenyewe wakimwona.

Alikosea jambo moja, nalo lilimpa jina la pili kwa muda. Mrija wa damu una dawa ndani yake ya kuzuia damu isigande, na Daktari alikuwa amemwambia auchanganye. Yeye akautikisa kama chupa ya dawa ya kikohozi, kwa bidii yake yote, mrija baada ya mrija, kumi na moja. Maabara wakapiga simu kuuliza ni nani anayetuma sharubati. Chembe za damu zilikuwa zimepasuka zote, hazifai kitu. Shangazi akamwita Fundi Sharubati kwa mwezi mzima. Akacheka pamoja nao, akajifunza kuupindua mrija taratibu, mara nane, juu chini, juu chini, akihesabu kwa mdomo.

Na mambo yakaenda. Damu ikawa inasema kile ambacho yeye hakuweza tena kukisikia. Ng'ombe watatu walipasuliwa kwa ushauri wake katika mwaka ule, na watatu wote tumbo lilikuwa limepanda. Ng'ombe kumi na kitu walipewa dawa mapema, wakapona kabla hata ya kususa chakula. Hakulazimika tena kutikisa kichwa kwa busara ya uongo. Nyumbani mkewe alishangaa kumwona analala usingizi wa kweli. "Asante, mama," ilianza hapo. Alikuwa anawashukuru kwa damu yao, kwa sababu ilimruhusu kubaki kati yao.

Lakini Daktari alikuwa amebadilika, na Mzee Sikio aliliona hilo. Zamani alikuwa akipasua huku anasimulia vituko vya chuoni. Sasa alikuwa kimya. Alikuwa akipima mara mbili, mara tatu, akitafuta mahali pa kukosea. Siku moja wakinywa chai kwenye chumba cha maziwa aliangalia kikombe chake akasema kwamba anafikiria kuacha upasuaji, abaki na chanjo na uzalishaji tu. Mzee Sikio alimwambia asifanye hivyo. Alimwambia pia kwamba chai inapoa. La tatu, lile alilopaswa kumwambia, alilimeza pamoja na chai yake.

Miaka miwili ilipita hivyo.

Kiranja ndiye ng'ombe mkubwa kuliko wote pale, mpana kama mlango wa stoo. Hakuna anayetangulia kukamuliwa kabla yake, na mtamba akijaribu hupata pembe ya mbavuni. Alipozaa mara ya nne kila kitu kilikwenda sawa, mpaka siku ya kumi na mbili. Akala nyasi kidogo, akaiacha pumba. Siku iliyofuata lita zake zikashuka kutoka ishirini na nane hadi kumi na tisa. Mzee Sikio akamwinua mkia, akatia tone kwenye kijiti. Kifaa kikasema tatu nukta nne, na mwisho wa usalama ni moja na kidogo. Akajaza mrija, akaupindua mara nane, akaukabidhi kwa gari la maziwa linalokwenda mjini. Alasiri maabara wakampigia Daktari: chumvi imeshuka hadi sabini na tisa. Haikupaswa kushuka chini ya tisini na tano.

Asubuhi Daktari alifika. Hakukuwa na mvua, hakukuwa na upepo, tangi lenyewe lilikuwa limezimwa kwa ajili ya kuoshwa. Aliweka kipimo masikioni, akapiga ubavu wa kushoto wa Kiranja kutoka juu hadi chini, mbavu baada ya mbavu. Akazunguka kulia, akafanya vilevile. Akarudi kushoto.

"Hakuna kitu," alisema. "Hailii."

Shangazi alikuwa ameshika kamba ya Kiranja. "Lakini damu si imesema?"

"Imesema. Na masikio yangu yanakataa." Daktari alifuta paji la uso kwa mkono wake. "Tumbo hili linaweza kupanda na kushuka, na mara nyingine hukwama bila kulia. Labda limeshuka usiku. Nikimpasua nikalikuta liko mahali pake, nimemharibu ng'ombe mzima. Nikimwacha kumbe limepanda, kila siku anaisha nguvu, na keshokutwa hatastahimili kisu." Kisha akafanya jambo la kawaida kabisa, jambo ambalo angelifanya mtu yeyote aliyesimama pale. Akasogea pembeni. "Mzee wangu, hebu msikilize wewe. Ukiniambia inalia, napasua sasa hivi."

Mzee Sikio akamsogelea Kiranja. Akalaza shavu lake kwenye mbavu, mahali palepale alipolilaza maelfu ya mara. Akapiga kidole. Joto, harufu ya nyasi, ngozi ikipanda na kushuka. Ilikuwa rahisi kupita kiasi. Neno moja tu, imelia, na damu ingemuunga mkono. Yeye mwenyewe aliamini tumbo limepanda. Ng'ombe angepasuliwa, angepona, na yeye angemaliza kazi yake akiwa bado ni Sikio. Lakini alijua ni neno lile lile alilolisema siku ya mvua. Na aliona viganja vya Daktari, vitupu, vikisubiri kuambiwa la kufanya.

Akainua kichwa.

"Daktari, mimi sisikii."

"Hailii?"

"Sijui kama inalia. Mimi ndiye nisiyesikia. Masikio yangu yamekwisha, mwaka wa nne huu. Ndege sisikii, mluzi wa birika sisikii. Hii ndiyo kabisa."

Shangazi aliiachia kamba, akaishika tena. Daktari alimtazama, na Mzee Sikio akaona lile swali likipanda usoni pake kabla hajalitamka.

"Siku ya Mwali?"

"Sikusikia kitu. Nilisema tu."

Kiranja alihamisha uzito kutoka mguu mmoja kwenda mwingine.

"Nilisimama ofisini," Daktari akasema polepole, "nikasema kosa ni langu. Ulikuwa pale mlangoni."

"Nilikuwepo."

"Miaka miwili kila nikishika kisu namwona Mwali. Nimekaa nikijiuliza nilisomea nini. Unajua hilo?"

"Najua."

"Hujui." Sauti yake haikupanda, lakini macho yalikuwa yamejaa. "Ungeniambia, Mzee. Hata wiki moja baadaye. Hata mwaka mmoja baadaye."

"Ningekuambia," alisema. "Niliogopa kiti cha getini. Sina sababu nyingine, na hiyo haitoshi. Mwali ni wangu, si wako. Huyu naye nitakwambia ninachokijua kweli: amesusa pumba na anakula nyasi, mavi yake yamekuwa laini na machache, mafuta ni tatu nukta nne, chumvi sabini na tisa, na mrija niliupindua mwenyewe, haukutikiswa. Masikio yangu yaondoe. Yako yaondoe pia kama unaweza. Iamini damu."

Daktari alimgeukia Kiranja, akaweka mkono mgongoni kwake, akakaa hivyo kwa muda ambao Mzee Sikio anasema ulikuwa mrefu kuliko miaka yake yote ya toroli. Kisha akamwomba Shangazi maji ya moto, sabuni na wembe.

Walimnyoa Kiranja ubavu wa kulia, wakamwosha, Daktari akapiga ganzi mstari mzima. Mzee Sikio aliona kazi yake imekwisha. Alitundika funguo za stoo kwenye msumari wake, akaanza kuelekea mlangoni, upande wa geti. Shangazi akamvuta shati.

"Unaitwa."

Akageuka. "Unakwenda wapi?" Daktari alikuwa anauliza.

"Nikupishe."

"Nawa mikono. Vua shati, unawe mpaka kwapani, mara tatu, na dawa." Alipoona hatembei akaongeza, "Ng'ombe huyu ni mpana na mkono wangu ni mfupi. Nitafika huko kwa ncha za vidole tu. Sitaki kubahatisha leo."

Akanawa. Alinawa kama bwana harusi, Shangazi akimmiminia maji, akisugua mpaka ngozi ikawaka. Daktari alikuwa amevaa glavu na barakoa, akapasua, ngozi kwanza, kisha nyama, tabaka kwa tabaka, na safari hii hakusita. Akasogea kidogo kumpa nafasi, akamwelekeza kwa kidole: nyuma ya lile kubwa, kisha uvuke, ushuke upande wa pili.

Akaingiza mkono. Joto la ndani lilimshangaza, ingawa alikuwa na miaka mingi kati ya ng'ombe kuliko kati ya watu. Alipapasa lile tumbo kubwa, zito, lililojaa kama gunia la unga uliolowa. Akalizunguka kwa nyuma. Akavuka. Mkono ulikuwa umezama mpaka begani, shavu lake limebanwa kwenye ubavu wa Kiranja kama siku zote. Na hapo, kati ya lile kubwa na ukuta wa mbavu za kushoto, vidole vyake vikagusa kitu laini, duara, kilichojaa hewa na kukaza, kinachorudi ukikibonyeza.

Miaka thelathini na zaidi alikuwa amekisikiliza kitu kile kupitia ngozi. Hakuwahi kukigusa hata siku moja.

Daktari alikuwa anasema naye. Aliona macho yake yakimwuliza juu ya barakoa, lakini maneno hayakumfikia, akabaki anamtazama bila kuelewa. Daktari akarudia. Kisha akanyamaza, akakumbuka. Mikono yake ilikuwa na damu, kwa hiyo akamgeukia Shangazi, akamwomba amshushie barakoa mpaka chini ya kidevu. Akamkabili Mzee Sikio usoni, mdomo wazi wazi, neno kwa neno.

"Umelipata?"

"Nimelipata."

"Lipo kushoto?"

"Lipo kushoto, Daktari. Limejaa hewa. Hukukosea." Na machozi yakamtoka mtu mzima yule, hana mkono wa kuyafutia.

Daktari akampa sindano iliyofungwa mpira mrefu, akamwambia aichome juu ya lile duara na kuishikilia. Hewa ikaanza kutoka kupitia mpira. Yeye hakusikia ikitoka, lakini aliihisi, tumbo likilegea taratibu kwenye kiganja chake mpaka likawa kitambaa kilicholowa. Wakalivuta pamoja, yeye akisukuma kutoka ndani, Daktari akipokea, mpaka likafika kulia, chini, nyumbani kwake. Daktari akaanza kulishona lisihame tena.

"Kwa meneja tutakwenda wote wawili," alisema akiwa amemwelekezea uso. "Utamwambia habari ya Mwali wewe mwenyewe. Mimi nitamwambia kwamba zizi hili lina mtu mmoja wa kupima damu, na simtoi kwenda kuhesabu magari."

Mzee Sikio alitaka kumshukuru kama inavyostahili, akatafuta maneno, akapata lile lile analowaambia ng'ombe. "Asante, mama."

Shangazi akacheka mpaka Kiranja akageuza shingo. Daktari naye akacheka, kwa mara ya kwanza katikati ya upasuaji tangu siku ile ya mvua, akaanza kusimulia kituko cha mwalimu wake wa chuoni na fahali aliyekataa kuchomwa sindano. Alikisimulia polepole, akiinua kichwa kila baada ya mshono mmoja ili Mzee aone mdomo wake. Barakoa ilikaa chini ya kidevu mpaka uzi wa mwisho ulipokatwa.